Kilichoitika Sawa

Anayesikiliza na asikilize, lakini kila mtu aitikie kwa mdomo wake mwenyewe. Asiitikie mwenzake, wala asikubali kuitikiwa.

Hafidha alipanda ngazi za ofisi Jumatatu asubuhi akiwa amekasirika tayari, kwa sababu mvua ilimnyeshea tangu stendi ya Msamvu na begi la kompyuta lilikuwa limelowa chapachapa. Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la magodoro, chumba kimoja kikubwa na kingine kidogo cha bosi. Alipofika mlangoni akapiga hodi. Hakutegemea kumkuta mtu, ila ndivyo alivyolelewa. Bibi yake alimfundisha kwamba hata nyumba tupu inapigiwa hodi, maana hujui imelala na nani.

"Karibu," ikaitika sauti kutoka ndani.

Ilikuwa sauti laini, ya mtu aliyekunywa chai akashiba. Hafidha akasukuma mlango, ukakataa. Akatazama chini ya kitasa. Kufuli lilikuwa linaning'inia palepale alipolifunga mwenyewe Ijumaa, na ufunguo ulikuwa kwenye begi lake.

Akafungua. Viti vilikuwa vitupu, kompyuta zimezimwa, pazia halitikisiki. Kilichokuwamo ni harufu tu, harufu ya mdalasini mbichi, ule unaobanduliwa gome huko Matombo ukaanikwa juani. Hafidha akajiambia ni watu wa magodoro chini wanachemsha chai. Ndivyo tulivyo binadamu, jambo la kutisha likitokea mchana tunamsingizia jirani.

Kazi ya ofisi ile ilikuwa nyepesi kuieleza. Vijijini juu ya Milima ya Uluguru kuna wahudumu wa afya wenye simu. Mama mjamzito akipata tatizo, mhudumu anatuma ujumbe. Mfumo wa ofisini unaupokea, unauweka kwenye hifadhidata, kisha unamwita dereva wa gari la wagonjwa anayesubiri Matombo. Hayo tu. Lakini kwa Hafidha hayakuwa hayo tu, kwa sababu mdogo wake, Nasra, ameolewa kijiji cha juu kabisa, ambako gari likifika haliendi tena mbele, na mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa mwisho. Ya kwanza alijifungua mtoto ambaye hakuwa hai. Hafidha aliiomba kazi ile kwa ajili ya Nasra na hakumficha mtu.

Na Nasra ndiye mtu wa kuogopewa, maana hasemi. Alivunjika mkono akiwa darasa la pili, akashinda nao hadi jioni, kila akiulizwa anasema salama. Tusimcheke. Sisi wote tuko hivyo. Mtu unamuuliza habari za nyumbani, anakujibu nzuri, nzuri kabisa, ila baba tumemzika jana. Nzuri inatangulia, msiba unafuata nyuma kama mtu anayeona aibu kuingia.

Saa nne hivi akaingia Mama Editha, mhudumu wa afya wa kijiji cha kina Nasra, gauni lake lina matope hadi magotini. Ameshuka mlima kwa miguu, akapanda pikipiki, akapanda basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikuja kusalimiwa." Akaweka simu mezani. "Soma hapo."

Hafidha akasoma. Ijumaa Mama Editha alituma ujumbe kuhusu mama mmoja aliyeshikwa kifafa cha mimba. Na chini yake jibu la mfumo: *Sawa. Gari linakuja, mama apumzike.*

"Tukampumzisha," akasema Mama Editha polepole. "Mliniambia linakuja, nikamwambia mumewe aache kutafuta watu wa kubeba machela, kuna gari. Tumekaa tunachungulia barabara mpaka giza. Mama yupo, mtoto tumemzika Jumamosi. Sasa nimekuja nimwone huyo aliyeniambia apumzike."

Hafidha akafungua hifadhidata. Ujumbe wa Ijumaa haukuwamo. Dereva hakuitwa. Na kwenye ukurasa wa kuonyesha hali ya mfumo kila kitu kilikuwa kijani, kama shamba la mpunga la Turiani mvua zikikubali. Ijumaa hiyohiyo umeme ulikatika mchana kutwa, na mfumo ukasema sawa, sawa, sawa.

Ilibidi arudi kwenye mzizi. Mfumo uliandikwa na Castory, ambaye sasa yuko Dodoma anawaandikia wengine balaa jingine. Ndani ya mfumo kila kazi ina funksheni yake. Moja inafungua hifadhidata, moja inaweka, moja inatafuta, moja inamwita dereva. Unaituma kama unavyomtuma mtoto dukani. Ikishindwa haisemi neno, inarudi na sifuri mkononi, na ni juu yako uliyeituma kuukagua huo mkono. Castory hakukagua hata mmoja. Mtoto karudi bila chumvi, mama anaendelea kupika, chakula kinapakuliwa, wageni wanaambiwa karibuni.

Hasira zilimpanda Hafidha mpaka masikio yakawa moto. Lakini ugonjwa wenyewe aliujua na dawa yake aliijua. Kila funksheni aivike nyingine juu yake, yenye kazi moja tu: iukague mkono, na ikiukuta mtupu ipige yowe, isimamishe kila kitu mpaka mtu aje. Milimani kwao ndiyo sheria. Yowe likipigwa, jirani anatupa jembe anakwenda, na asiyekwenda siku yake ikifika atalia peke yake. Basi hizo funksheni mpya akaziita hivyo, mayowe.

Kitu kimoja tu hakikumtoka kichwani. Alipekua mfumo mzima, mstari kwa mstari, akitafuta maneno *gari linakuja, mama apumzike*. Hayakuwamo. Castory aliandika *ujumbe umepokelewa*, basi. Hayo mengine hakuna mtu aliyeyaandika.

"Hapana," alisema bosi, Bwana Mansuri. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu, na mwenye hofu akipewa cheo anachosha kuliko mbaya. "Hafidha, dada yangu, wafadhili wanakuja Alhamisi. Watasimama mbele ya skrini. Wewe unataka waone nyekundu?"

"Nataka waone ukweli."

"Ukweli tutaurekebisha Ijumaa. Alhamisi funika kombe, mwanaharamu apite."

"Mama Editha amezika mtoto, bosi."

Mansuri akatazama meza. "Najua," akasema. "Ndiyo maana hatutaki mradi ufungwe. Ukifungwa hata hilo gari halitakuwepo."

Hafidha alirudi kwenye kiti chake akavika yowe la kwanza bila kuomba ruhusa. Palepale skrini ikawa nyekundu: *Kosa. Hifadhidata haikufunguliwa.* Diski ilikuwa imejaa, jambo la kijinga, la kurekebisha kabla chai haijapoa, na kumbe lilikuwa limefichwa wiki nzima. Hafidha akakaribia kucheka. Ndipo nyuma ya shingo yake, karibu kabisa, mtu akasonya.

Msonyo mrefu, wa mate. Akageuka. Ukuta. Na ile harufu ya mdalasini ikaja tena, safari hii imechanganyika na kitu cha chini yake, kama maji ya chombo cha maua yaliyosahaulika.

Akashuka chini kununua maji, si kwa kiu, ila kwa kutaka kuona watu. Aliporudi akamkuta Mansuri amesimama katikati ya chumba anatabasamu.

"Ahsante kwa kunielewa," akasema.

"Kuelewa nini?"

"Si nimekuuliza kupitia ukutani kama hayo mayowe umeyatoa, ukaniambia sawa bosi, nimeshayatoa."

Hafidha akainama kwenye kompyuta, na kweli, yowe aliloliandika halikuwepo, wala alama ya kwamba liliwahi kuwepo, skrini ilikuwa kijani tupu, na diski ambayo hakuwa ameigusa bado ilikuwa imejaa vilevile, na mfumo unasema sawa.

"Wewe umeifuta kazi yangu," akanong'ona.

"Mimi? Hata sijui kuifuta. Umeniitikia mwenyewe, kwa sauti yako."

"Nilikuwa chini."

"Hafidha, usinichezee akili—"

"Sawa bosi," ikasema sauti ya Hafidha kutoka chumba kidogo, taratibu, kwa adabu, "nimeshayatoa," na Hafidha alikuwa amesimama mbele ya Mansuri amefunga mdomo, na Mansuri alikuwa anautazama mdomo huo uliofungwa, na wote wawili wakabaki wanasikiliza mlango wa chumba kidogo ambao haukufunguka wala haukutikisika, huku chini watu wa magodoro wakimpigia mteja kelele achukue la inchi sita.

"Alhamisi kwanza," Mansuri akanong'ona. "Jini baadaye."

Kwa kweli kuna watu hata malaika wa kifo akija watamwomba asubiri kikao kiishe.

Hafidha hakusubiri. Stendi ya Msamvu kuna mtu anaitwa Luqmani, anauza makava ya simu na chaja, na anasomea watu wenye matatizo. Hana kanzu, hana hirizi, ana fulana ya timu ya mpira na sauti nzuri. Alikuja Jumatano mchana, jua linawaka, akafunga madirisha, akakaa chini akaanza kisomo. Hafidha alikaa pembeni ameinamisha kichwa.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kisha Luqmani akafika kwenye dua, akavuta pumzi katikati ya sentensi, na kabla hajaimaliza, kutoka pembe zote za chumba, kwa sauti ya msikiti mzima uliojaa, ikaja:

"Amina."

Luqmani akajaribu tena, akiharakisha kama mtu anayekimbizana na mwingine mlangoni, na safari hii amina ikaja akiwa hajatamka hata neno la kwanza, tena kwa sauti ya Luqmani mwenyewe, imejaa unyenyekevu, na harufu ikajaa chumbani mpaka macho yakawawasha. Luqmani akainuka, akakusanya kandambili zake bila kuzivaa, akatoka. Hafidha akamfuata hadi kwenye ngazi.

"Majini mengine yanakataa kisomo," akasema kwa sauti ya chini, jasho linamtoka. "Yanapiga kelele, yanatukana, hayo nayajua. Hili linaitikia amina. Nitakitoaje kitu kinachonikubalia kila neno?"

"Linataka nini?"

"Halivunji kitu, umeona? Linaitikia tu. Mliweka mahali kitu kinachojibu sawa bila kuuliza. Hiyo kwao ni nyumba iliyofagiliwa." Akavaa kandambili moja. "Dawa yake ndiyo hiyo yako. Mlango kwa mlango, kila kinachoshindwa kilie. Lakini anza umalize bila kuinuka, na lisimwitikie mtu badala yako ukanyamaza ukaridhika. Ukiliachia jibu moja tu, litarudi kwa jibu hilo."

"Sawa."

"Usiniambie sawa, niambie umesikia. Na jambo jingine. Likikosa mdomo hapa litatafuta mwingine. Kama kwenu kuna mwanamke wa kujifungua, subiri ajifungue kwanza ndipo ulifukuze."

"Siwezi kusubiri. Akipatwa na tatizo ni mfumo huuhuu utakaomwambia apumzike."

Luqmani alimtazama kwa huruma, na huruma ya mtu wa namna ile inaudhi, maana haina msaada ndani yake. "Basi chagua," akasema, akashuka.

Alhamisi mvua ilinyesha milimani tangu alfajiri. Kutoka dirishani Uluguru haikuonekana kabisa, ilikuwa ukungu tu mpaka kwenye paa za mji. Hafidha alifika mapema, hakupiga hodi, akakaa, akaanza. Funksheni ya kufungua, akaivika yowe. Ya kuweka, akaivika. Ya kutafuta, akaivika. Kila alipomaliza moja msonyo ulikuja, kwanza mlangoni, kisha mezani kwake, kisha ndani ya sikio lenyewe, na unyevu wake akauhisi.

"Hafidha," Mansuri akaita kutoka nje, "wameshafika hapo chini. Uko tayari?"

"Niko tayari, waingize," ikaitika sauti yake.

"Si mimi," Hafidha akasema kwa nguvu bila kuondoa macho kwenye skrini. "Bosi, si mimi niliyejibu. Usiingize mtu."

Ikabaki funksheni moja, ya kumwita dereva. Vidole vikagoma. Maneno ya Luqmani yalikuwa yamekaa kifuani kama ugali mbichi. Akasema moyoni, ngoja kwanza nimuulize, akisema ni mzima nitasubiri, hata wiki nitasubiri, Mansuri atafurahi na wafadhili watafurahi. Akampigia Nasra.

Simu ikapokelewa kabla haijaita.

"Salama, dada," ikasema sauti ya Nasra.

"Nasra? Unaendelea—"

"Naendelea vizuri. Tumbo halisumbui. Mvua tu huku. Usiwe na wasiwasi, dada, wewe fanya kazi zako, mimi napumzika."

Hafidha alishusha pumzi. Ile sauti ilikuwa nzuri kuisikia, ilikuwa ndiyo hasa aliyoitaka, na alikuwa ameshafungua mdomo aseme haya, nisalimie shemeji, alipohisi kitu kinakosekana, kitu kidogo kama kifungo kilichodondoka kwenye shati, akakitafuta huku sauti ikiendelea kumwambia salama, salama, vizuri kabisa, na alipokiona mwili wote ukamsisimka kuanzia nyayo. Nasra hajamwamkia. Tangu Nasra ajue kusema hajawahi kumwona wala kumsikia dada yake bila kuanza na shikamoo. Hata siku ile ya mtoto wa kwanza, amelala kitandani kijijini amegeukia ukuta, alisema shikamoo dada kwanza, ndipo akasema hayupo.

"Nasra," akanong'ona, "mbona huniamkii?"

Upande wa pili sauti ile, taratibu, kwa mate, ikasonya.

Akaitupa simu. Hapo hakuchagua tena, mwacheni mtu asiyejua aseme alichagua. Aliandika ule mstari wa mwisho huku taa zikififia na harufu ya mdalasini ikigeuka kuwa harufu ya kitu kilichokufa chini ya sakafu, huku sauti zikiitika kila upande kwa pamoja, ya Mansuri na ya Castory na ya Mama Editha na ya bibi yake aliyezikwa zamani, zote zinasema sawa, sawa mwanangu, inatosha, sawa, na ya kwake mwenyewe ikiwa juu ya zote, karibu sana na meno yake, mpaka akalazimika kuuma ulimi kuhakikisha uko wapi. Akabonyeza, mayowe yote yakawashwa pamoja.

Skrini ikawa nyekundu na spika zikalia.

*Kosa. Dereva hakuitwa. Ujumbe haukuhifadhiwa. Mhudumu: Editha. Mama: Nasra. Damu nyingi tangu alfajiri. Kosa. Dereva hakuitwa.*

Ujumbe uleule, umetumwa tena na tena, na kila mara umejibiwa apumzike.

Mlango ukafunguliwa. Mansuri aliingia na wageni wake nyuma, tai imekaa upande, akaiona nyekundu, akafungua mdomo kulalamika, kisha akasoma jina. Alimjua Nasra, siku moja Nasra alimletea ndizi. Akaliacha kundi lake limesimama hapo hapo, akatoa simu yake mwenyewe akampigia dereva, akimfokea kwa sauti ambayo Hafidha hakujua kama anayo: toka sasa hivi, panda mpaka gari likatae, halafu shuka ukimbie.

Na katikati ya kelele ile kitu kikapita. Kilimpita Hafidha begani, kizito na cha baridi, pazia likanyanyuka, dirisha lililofungwa likagonga fremu yake mara moja. Kisha chumba kikawa chumba tu. Kilinuka viatu vilivyolowa na kahawa. Upande wa milimani ukungu ulikuwa umefunguka kidogo, mstari mwembamba, kama mtu aliyepita kwenye majani marefu.

Nasra hakufa. Hilo tulimshukuru Mungu wakati ule na tunamshukuru hata leo. Gari lilimkuta kwenye machela nusu ya njia, na kwenye mashimo ya barabara ya Matombo, Mama Editha akiwa amepiga magoti nyuma ya gari, mtoto akatoka.

"Hakulia," Mama Editha alimsimulia Hafidha hospitali, nguo zake bado na damu. "Nikajua ndiyo yaleyale. Amekuwa wa bluu, kimya. Nimempiga mgongoni, nimemnyonya pua, hamna. Dada yako ananiuliza vipi, mimi nashindwa kumjibu. Halafu kwenye ile kona ya juu ya mto, gari likapigwa na upepo, tukayumba. Kumtazama, amefumbua macho. Anapumua vizuri tu. Ananitazama kama mtu mzima."

"Alilia lini?"

"Hakulia. Lakini mzima, mwanangu. Shukuru."

Hafidha alishukuru. Aliingia wodini, Nasra akageuza kichwa kwenye mto, midomo imekauka, akasema, "Shikamoo, dada," na Hafidha akalia pale mlangoni bila aibu mbele ya manesi.

Siku zikaenda. Mfumo ukawa unalia kila siku, mtandao ukikatika unalia, umeme ukikatika unalia, na Mansuri akaizoea nyekundu, akawa anaamka kitini mwenyewe kwenda kuona kuna nini. Mradi haukufungwa. Kumbe wafadhili walichokumbuka siku ile ni mtu mwenye tai akifoka kwenye simu. Harufu haikurudi. Hafidha alipiga hodi kila asubuhi, na kila asubuhi hakujibiwa, akawa anaingia kwa raha.

Arobaini ilipofika akapanda kijijini. Wanawake walijaa uani kwa shemeji yake, sufuria zinachemka. Mtoto alikuwa ananyolewa nywele za uzazi. Mama mmoja alimshika kichwa, wembe ukateleza kidogo, na tone la damu likashuka hadi kwenye nyusi. Wote wakashtuka isipokuwa mtoto. Alitulia tu, macho wazi, kama anayenyolewa ni mwingine.

"Mashallah," wakasema. "Mtoto mpole huyu. Nasra, umepata mtoto asiyesumbua."

"Hasumbui kabisa," Nasra akasema kwa fahari. "Dada, huyu tangu azaliwe hajalia hata siku moja. Usiku analala, mchana anatazama. Nisipokumbuka mwenyewe kumnyonyesha, yeye hasemi."

Hafidha akamchukua, na mikono ikamwambia kabla ya akili. Alikuwa mwepesi. Ndani ya shali nzuri ile hamkuwa na mtoto wa siku arobaini, mlikuwa na mbavu. Mapaja yamelegea ngozi, utosi umebonyea. Akambeba akaingia naye chumbani, akaketi kitandani, akamfunua. Upele umemla chini hadi nyama, nepi haijabadilishwa tangu jana, na mtoto anamtazama.

"Lia," akamnong'oneza. "Baba, lia basi."

Mtoto akamtazama. Hafidha akamfinya paja, kidogo, kisha si kidogo, mpaka kidole kikaacha alama nyekundu, huku machozi yakimtiririka yeye mwenyewe, na kile kidomo kikafunguka polepole, hakina meno, hakina sauti, na kutoka ndani yake ikapanda harufu ya mdalasini mbichi.

"Dada," Nasra akaita kutoka jikoni, "mtoto anaendeleaje huko?"

Hafidha akavuta pumzi apige yowe.

"Salama," ikaitika sauti ya Hafidha kutoka mapajani pake, na huko jikoni Nasra akaendelea kupika.